Ukiambiwa Ini Lina Mafuta, Pima na Kiuno

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Arusha na Moshi safari hii zinaanza karibu kwa maneno yaleyale: nilipigwa altrasaundi kwa jambo lingine kabisa, nikaambiwa ini lina mafuta. Wengine wanaliita kama walivyolisikia hospitalini, fati liva. Tumechagua barua saba. Majina ya waliotuandikia tumeyaacha.

Nimeacha mafuta ya kupikia, mbona gredi haishuki?

*Nina miaka 47, nauza vitenge, naishi Njiro, Arusha. Mwezi wa tatu nilipigwa altrasaundi kwa ajili ya maumivu ya tumbo, wakakuta mafuta kwenye ini, gredi 2. Nikaambiwa nipunguze mafuta. Tangu hapo nachemsha kila kitu, nyama siigusi. Asubuhi chai na mkate, mchana wali maharage na soda moja dukani, jioni uji na juisi ya embe. Baada ya miezi sita gredi ni ileile, na sasa wanataka kunipima sukari na presha. Ini na sukari wapi na wapi?*

Mama, hilo neno "mafuta" ndilo lililokupoteza, na limewapoteza wengi. Mafuta yaliyo kwenye ini lako hayakutoka hasa kwenye karai. Watafiti waliofuatilia safari ya mafuta kwa wagonjwa wa aina yako walikuta takribani asilimia 59 yanatoka kwenye akiba ya mwili wenyewe, yaani mafuta ya tumboni na ya chini ya ngozi yanayoachiwa kuingia kwenye damu. Asilimia 26 hivi ini huyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula ni kama asilimia 15 tu. Wewe umefunga mlango mdogo, ile miwili mikubwa iko wazi.

Sasa, akiba hiyo inaachiwa na nani? Hapa ndipo ini na sukari zinapokutana. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, na insulini ina maagizo matatu makubwa: misuli ichukue sukari kutoka kwenye damu, ini lipunguze kutengeneza sukari, na seli za mafuta zishikilie mafuta yake. Kiuno kikipanuka na misuli ikikaa bila kazi, mwili unaanza kuwa sugu kwa maagizo hayo. Kongosho inaongeza sauti, inatoa insulini zaidi, lakini seli za mafuta zinaendelea kuvujisha usiku na mchana. Ni kama mfereji wa kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) uliofunguliwa huko juu na mwenye zamu akalala: shamba likishiba, maji hutafuta pa kwenda, na pa kwenda ni ini.

Ini lililojaa nalo linakuwa sugu. Linamwaga sukari hata wakati haihitajiki, ndiyo maana wanataka kukupima sukari. Mafuta ya ziada linayafunga kwenye vifurushi na kuyarusha kwenye damu, hapo trigliseridi (mafuta yanayozunguka kwenye damu) zinapanda na lehemu nzuri (kolesteroli ya HDL) inashuka. Insulini nyingi nayo inafanya figo zishikilie chumvi, presha inapanda. La kusikitisha zaidi, kuna agizo moja la insulini ambalo ini sugu bado linalitii vizuri: lile la kugeuza sukari kuwa mafuta. Kwa hiyo soda yako ya dukani inaingia kwenye kiwanda kilicho wazi.

Ndiyo maana madaktari hawatazami ini peke yake tena. Wakishaona mafuta kwenye ini wanauliza mambo matano, na hata moja likiwepo linatosha kusema chanzo ni jinsi mwili unavyotumia chakula, yaani umetaboli. La kwanza ni uzito uliozidi au kiuno kuvuka sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. La pili ni sukari ya asubuhi kabla ya kula kufika 5.6 au zaidi, au kipimo cha wastani wa miezi 3 (HbA1c) kufika asilimia 5.7, au kuwa tayari na kisukari cha aina ya 2. La tatu ni presha kufika 130 au zaidi kwa namba ya juu, au 85 au zaidi kwa namba ya chini, au kutumia dawa za presha. La nne ni trigliseridi 1.7 au zaidi. La tano ni lehemu nzuri kuwa 1.3 au chini kwa mwanamke, 1.0 au chini kwa mwanamume.

Kiuno unaweza kukipima leo kwa tepu ya fundi cherehani. Usipime pale unapofungia kanga. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta na juu ya mfupa wa nyonga, pitisha tepu katikati ya hapo, juu ya ngozi, simama wima, toa pumzi kawaida, soma. Wanaobana tumbo wanajidanganya wenyewe.

Kuanzia kesho, rudisha vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya alizeti kwenye chakula chako cha siku, rudisha samaki au kuku, na ondoa soda, juisi ya embe na sukari ya kwenye uji. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, vijiko tisa vya chai. Nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, na fruktosi kwa sehemu kubwa inashughulikiwa na ini lenyewe, si misuli. Juisi ya kusaga haiko mbali na soda, kwani embe mawili au matatu yanaingia kwenye glasi moja na unayameza kwa dakika mbili. Kula embe moja, kwa kutafuna.

Na kuhusu gredi: inaonyesha wingi wa mafuta kwa macho ya mpimaji, nayo hutofautiana kati ya mpimaji mmoja na mwingine. Haisemi kama ini limeanza kuwa na makovu. Swali la makovu tumelijibu kwa msomaji wa Tengeru hapo chini, nalo ni muhimu kuliko gredi.

Sinywi pombe, wala si mnene

*Shikamooni wataalamu. Ni mwalimu wa miaka 38, Pasua, Moshi. Nimeokoka na pombe sijawahi kuionja. Nina kilo 64 tu. Nilipoambiwa ini lina mafuta, mama mkwe aliniuliza mbele ya watu huwa nanywea wapi. Inawezekanaje?*

Marahaba, mwalimu. Inawezekana kabisa, na pole kwa fedheha hiyo. Takribani watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana mafuta kwenye ini, na wengi wao si walevi. Hadi mwaka 2023 jina rasmi la ugonjwa lilikuwa linataja pombe, "usiotokana na pombe", na mtu akisikia neno hilo hasikii kingine. Mwaka huo vyama vya kimataifa vya madaktari wa ini vilibadilisha jina. Sasa linataja hitilafu za umetaboli, kwa kifupi MASLD. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni hiyohiyo aibu iliyokupata. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba daktari ametafuta chanzo kwenye sukari, si kwenye glasi.

Kilo 64 hazitoshi kukutoa hatiani. Kuna watu wembamba wa mikono na miguu ambao mafuta yao mengi yanakaa ndani ya tumbo, kuzunguka utumbo, na hayo ndiyo mabaya. Pima kiuno kama tulivyoeleza. Kwa mtu mwembamba, kupunguza hata asilimia 3 hadi 5 ya uzito kunaweza kupunguza mafuta ya ini. Kwako ni kilo 2 hadi 3, usizidishe.

Lakini kwa mwembamba hatuishii hapo. Omba upimwe homa ya ini aina B (HBsAg) na aina C. Homa ya ini B ipo sana nchini kwetu, na mtu anaweza kuwa nayo pamoja na mafuta, kila kimoja kikiliumiza ini kwa njia yake. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo za steroidi. Mwombe pia akupime homoni ya tezi ya shingo, kwani ikipungua nayo huleta mafuta.

Bia tatu na mbege ya Jumapili

*Kibosho. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nakunywa bia tatu kila siku, na Jumapili mbege kama lita mbili. Nina presha na ini lina mafuta. Je, chanzo ni pombe au ni hii umetaboli?*

Tuhesabu. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Bia tisa ni gramu 180. Mbege haina kipimo kimoja, nguvu yake hufuata mkono wa mpishi na muda iliokaa ikichacha. Tukikadiria asilimia 3 tu, lita mbili ni gramu 48. Jumla ni gramu 228 kwa wiki. Mpaka kwa mwanamume ni gramu 210, kwa mwanamke 140. Ukiwa kati ya 210 na 420, kama wewe, na una presha, jibu ni vyote viwili, na vikikutana vinaumiza zaidi ya kila kimoja peke yake.

Tafadhali usisome 210 kama ruhusa. Ni mstari wa kugawa wagonjwa kwenye makundi. Vipimo vikionyesha makovu kwenye ini, kiasi salama ni sifuri, mbege ikiwemo. Ikiwa unatetemeka mikono asubuhi usipokunywa, usiache ghafla ukiwa peke yako. Nenda hospitali wakusaidie kuacha kwa usalama.

Sukari inapandaje nikiwa nimelala?

*Nina kisukari miaka minne, nauza ndizi Kiboriloni. Usiku kabla ya kulala sukari ni 7, asubuhi kabla ya kula ni 8.4. Nimeanza kulala bila kula lakini haishuki.*

Mama, hiyo sukari ya asubuhi hukuila, ini lako ndilo limeitengeneza. Kwa kawaida ini hutoa sukari kidogokidogo usiku ili ubongo usikose chakula, na insulini hulizuia lisizidishe. Ini lenye mafuta halizuiliki vizuri. Zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari cha aina ya 2 wana mafuta kwenye ini, kwa hiyo kama hujawahi kupimwa, omba.

Kulala njaa hakusaidii, na kama unameza vidonge vya kisukari vya glibenklamidi ni hatari, sukari inaweza kuanguka usiku wa manane. Kula mapema, kabla ya saa mbili, wanga kiasi cha ngumi moja, kisha tembea dakika 15 hadi 20 baada ya chakula. Kama umeandikiwa metformini, dawa nyingine ya kisukari, usiiruke, kwa sababu kazi yake kubwa ni hiyohiyo ya kulizuia ini kumwaga sukari.

Vimeng'enya vyangu vina maana gani?

*Nina miaka 58, Tengeru. Altrasaundi: mafuta kwenye ini. Damu: AST 61, ALT 49, chembe sahani 142. Nimeambiwa vimeng'enya vimepanda kidogo tu nisiwe na wasiwasi. Nina kisukari.*

Mzee wetu, asante kwa kuandika namba zote, maana ndizo zinazotupa jibu. AST na ALT ni vimeng'enya vinavyopimwa kwenye damu kuangalia ini, na chembe sahani ni zile zinazosaidia damu kuganda. Swali kubwa katika ugonjwa huu si ini lina mafuta kiasi gani. Swali ni kama lina makovu. Mafuta huondoka. Makovu yakizidi ini hunyauka (sirosisi), na hapo ndipo panapotoka maji tumboni, kutapika damu na saratani. ALT inaweza kuwa ya kawaida kabisa huku makovu yakiendelea, kwa hiyo isikufariji.

Kuna hesabu iitwayo FIB-4 ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuifanya. Zidisha umri kwa AST: 58 × 61 = 3538. Weka pembeni. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT: cha 49 ni 7. Zidisha kwa chembe sahani: 142 × 7 = 994. Gawa ya kwanza kwa ya pili: 3538 ÷ 994 = 3.56.

Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo (kwa aliyevuka miaka 65 tunatumia 2.0). Zaidi ya 2.67, uwezekano ni mkubwa. Wewe uko 3.56. Mlinganishe na mtu wa miaka 47 mwenye AST 38, ALT 52 na chembe sahani 210: hesabu yake ni 1.18. ALT yake ni kubwa kuliko yako, lakini hatari yake ni ndogo. Kinachotutisha kwako ni AST kuizidi ALT na chembe sahani kupungua, kwani ini likiwa na makovu damu hurudi nyuma kwenye bandama, bandama inavimba na kuzinasa chembe hizo.

Kabla ya kuhukumu, rudia damu. Malaria hushusha chembe sahani na kuharibu hesabu nzima. Sampuli iliyokaa muda mrefu ikachakaa hupandisha AST, kwa sababu chembe nyekundu zikipasuka zinaimwaga. Kazi nzito nayo ni hivyohivyo: mpagazi aliyeshuka mlimani juzi atakuwa na AST ya misuli, si ya ini, asubiri wiki moja. Kwa vijana chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki.

Ukirudia ikabaki juu ya 2.67, omba rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Hospitali ya Mount Meru uko karibu nayo. Ikibidi kwenda mbele zaidi, KCMC Moshi ni hospitali ya kanda. Ulizia kipimo cha ugumu wa ini, mashine ya mawimbi inayowekwa ubavuni: chini ya kilopaskali (kPa) 8 ni habari njema. Ukiona macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika damu, choo cheusi kama lami au mtu anaanza kuchanganyikiwa, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo.

Na moyo usisahaulike. Wagonjwa wengi wa mafuta kwenye ini hufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kabla ini halijawamaliza. Presha na lehemu zako zipimwe pamoja na ini, na kama unavuta sigara, acha.

Nimpikie nini mume wangu?

*Machame. Mume wangu ana kilo 86, kisukari kinaanza, ini lina mafuta. Ameambiwa apunguze uzito. Anapenda mtori, machalari, ugali na chai ya maziwa yenye sukari. Nimeambiwa ndizi ni marufuku kwake. Nampikia nini sasa?*

Ndizi si marufuku, dada. Mchaga asiyekula ndizi atavumilia wiki mbili kisha atarudi kwa hasira. Tatizo ni kipimo na kile kinachoambatana nazo.

Anza na lengo. Asilimia 5 ya uzito wake ni kilo 4.3; hapo mafuta ya ini yanaanza kupungua kweli. Asilimia 7 ni kilo 6, uvimbe wa ndani ya ini unatulia. Asilimia 10 ni kilo 8.6, na kuanzia hapo hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Apunguze nusu kilo kwa wiki, isizidi kilo moja. Kwa nusu kilo, zile 8.6 zinachukua wiki 17. Wanaokimbia kwa kushinda na maji ya limau hushuka haraka, mawe ya kwenye nyongo yanajitengeneza, na uzito unarudi.

Chai ndiyo ya kwanza. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu ni vijiko tisa, gramu 36 kwa siku, yaani kilo 13 za sukari kwa mwaka kwa chai peke yake. Mpunguzie kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Usibadilishe kwa asali. Asali ni sukari, na ina fruktosi nyingi. Kahawa isiyo na sukari ni rafiki: wanaokunywa vikombe viwili au vitatu kwa siku huonekana kuwa na makovu machache ya ini. Na nyie kahawa iko mlangoni.

Sahani ya mchana na usiku igawe kwa macho. Nusu iwe mboga: mnafu, mchicha, kabichi, figiri, majani ya kunde. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta, kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole. Robo iliyobaki ndiyo ya ndizi au ugali: ndizi tatu za kupika za wastani au ugali wa ukubwa wa ngumi yake, wa dona badala ya sembe. Machalari yake ipike kwa ndizi chache, maharage mabichi na karoti nyingi, nyama uitoe mafuta kabla. Mtori ni wanga uliopondwa, unapita haraka tumboni na sukari inapanda haraka. Bakuli moja linatosha, bila chapati pembeni, na samli au siagi iache. Kiburu ni bora kuliko mtori kwa sababu maharage yanapunguza kasi hiyo. Parachichi nusu kwa siku ni zuri, mafuta yake hayana ugomvi na ini. Mtindi au mgando bila sukari, sawa.

Mafuta ya kupikia: kwa familia ya watu watano, lita moja isiishe kabla ya wiki. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Chipsi mayai za mjini ziwe za mara moja moja, kwa sababu hapo wanga, mafuta yaliyochemshwa mara nyingi na soda ya pembeni vinaingia pamoja.

Halafu miguu. Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, ule wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Vilima vya Machame vinamsaidia, dakika 30 kwa siku tano zinatosha. Ongeza siku mbili za nguvu: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10 hadi 12, apumzike, arudie hadi raundi tatu. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata bila insulini nyingi, ndiyo maana mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata mizani isiposogea. Ikifika wiki ya nne mizani imesimama, msivunjike moyo, pima kiuno.

Dawa za kusafisha ini

*Sakina, Arusha, miaka 33. Kuna mtu anauza dawa ya kusafisha ini, unakunywa mafuta ya zeituni na limau usiku, asubuhi unatoa vijiwe vya kijani. Mimi nilivitoa kweli! Je, nirudie? Na kuna sindano za kupunguza mwili nimesikia zinaponya ini.*

Usirudie. Vijiwe hivyo si uchafu wa ini. Mafuta mengi yakikutana na juisi za tumbo na limau hugeuka kuwa vidonge laini kama sabuni. Ukiviacha vinayeyuka kwenye joto. Ini halina bomba lililoziba la kusafishwa, mafuta yamo ndani ya seli, na hupungua mwili unapoyatumia kama nguvu. Unga na chupa zisizo na maandishi ya kilichomo zinatutia hofu zaidi, kwani tumbo huzipeleka zote kwa ini hilohilo, na baadhi ya mitishamba inajulikana kuliua.

Sindano ni habari tofauti. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kidonge cha resmetirom Machi 2024, na sindano ya semaglutaidi kwa ugonjwa huu Agosti 2025. Zote mbili ni kwa wenye makovu ya kati hadi makubwa ambao ini halijanyauka, pamoja na chakula na mazoezi. Mwenye mafuta bila makovu hazikuandikwa kwa ajili yake. Ukiandikiwa sindano, inunuliwe famasi iliyosajiliwa na daktari akiifuatilia. Ya kununua kwa mtu mtandaoni hujui kilichomo wala kama ilikaa kwenye baridi.

Na kama nyumbani kuna mzee mwenye mafuta kwenye ini anayetumia dawa za kushusha lehemu, asiziache eti kwa kulinda ini. Ni salama kwa mwenye mafuta kwenye ini, na zinaulinda moyo.

Kwako, bila sindano: kiuno, presha, sukari ya asubuhi, trigliseridi na HDL sasa hivi. Vikiwa sawa, rudia baada ya mwaka mmoja. Ukishafika miaka 35 ongeza hesabu ya FIB-4: kila baada ya miaka miwili au mitatu kama huna kisukari, kila mwaka mmoja au miwili kama unacho. Daftari la namba hizo uende nalo kila kliniki, altrasaundi ya mwisho ikiwa imekunjwa ndani.